Nyumba Isiyo na Weupe

Mzee Anyosisye Mwaisaka alirudi wodini siku ya tisa tangu aruhusiwe, na kabla hajafika yeye ilifika harufu ya mguu wake. Muuguzi mfawidhi Nakijwa Mbwambo alikuwa mezani kwake mwisho wa korido, anaandika, akainua pua kabla ya kuinua macho. Miaka ishirini na sita ya wodi humfundisha mtu mengi asiyoyataka, na mojawapo ni harufu ya kidonda cha kisukari kilichokaa siku nyingi bila kusafishwa. Kwamba kidonda kiliachwa, hilo alilijua kabla hata kitanda cha magurudumu hakijapita mlangoni. Kiliachwaje, hilo ndilo lililomfanya aweke kalamu chini.

Maana mpango wa kumrudisha nyumbani mzee yule ulikuwa mzuri kuliko yote ya mwezi ule. Uliandaliwa na Atupele, muuguzi ambaye Nakijwa mwenyewe alimlea kazini tangu siku ya kwanza, na Nakijwa aliupitia naye hatua kwa hatua. Hapakuwa na kilichosahauliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimewarudia. Msinichoke."

"Hatukuchoki. Nani alikuwa anakufunga kidonda?"

Mzee akatazama dirishani, akaanza kusimulia jinsi mvua ya mwaka huu ilivyochelewa.

Daktari wa upasuaji hakuwa na nafasi ya kusikiliza habari za mvua. Alimvuta Nakijwa pembeni, akaweka kiganja chini ya goti lake mwenyewe kama fundi anayepima urefu wa sketi. "Nakisafisha leo, nakipa siku kumi na mbili. Kikikubali, aende kwao. Akirudi tena katika hali hii, nakata hapa."

Nakijwa akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaogopa, lakini chini ya woga palikuwa na kitu kingine kinachomwasha, na hakikumwacha tangu utotoni: alitaka kujua. Nyumba isiyo na doa lolote inawezaje kuuozesha mguu wa mtu?

*

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya chini ya Hospitali ya Isyeto, palipokuwa stoo ya magodoro zamani. Mlangoni kilibandikwa jina refu, Chumba cha Uigaji wa Mazingira ya Mgonjwa, jina ambalo hakuna aliyepata kulisema mara mbili. Wauguzi walikiita Kwao. "Naenda Kwao na bibi wa kitanda cha sita," mtu angesema, na kila mmoja akaelewa.

Kilifanya kazi hivi. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, muuguzi alikaa naye na ndugu zake, akawauliza kuhusu nyumba anayorudi. Kibao cha kielektroniki magotini mwake kilisikiliza, na kila jibu likageuka umbo la mwanga mle chumbani. Ukiuliza jiko liko wapi, jiko linaota. Ukiuliza ngazi ni ngapi, zinajipanga mbele yako, unaweza kuzihesabu kwa mguu. Usichouliza hakioti: pale panabaki weupe mtupu, na ukiingia chumbani unakutana nao uso kwa uso. Kwao hakikubahatisha. Wahandisi waliokijenga wangeweza kukifundisha kukisia, maana nyumba za milimani zinafanana, lakini walikataa, na kwa hilo Nakijwa aliwaheshimu. Hata watu walikuwemo. Ukisema shangazi ndiye atakayempa mgonjwa dawa, umbo la mwanga linasimama kando ya kitanda na kikombe mkononi.

Kazi ya Nakijwa ilikuwa kutembea nyuma ya muuguzi na kusimama palipo na weupe. "Hapo pana nini?" aliuliza, baada ya kikohozi kidogo. Basi. Muuguzi alirudi kwa mgonjwa mbio, akauliza, weupe ukaondoka. Kwa miaka minne alitembea hivyo, nyumba baada ya nyumba, na wagonjwa wanaorudi wodini ndani ya mwezi wakashuka kutoka kumi na tisa katika mia hadi sita. Wageni walikuja kushangaa. Usione vyaelea, vimeundwa, aliwaambia, akiwaonyesha orodha yake ya maswali.

Mwaka wa mwisho chumba kilijifunza sauti yake. Nakijwa akiwa mapumzikoni, kwenye mkutano, au wodi nyingine, chumba chenyewe kilikohoa na kuuliza, "Hapo pana nini?" na mtu angeapa yumo humo ndani. Wauguzi waliiita Sauti. Walitania kwamba Sista, kama walivyomwita Nakijwa, ataendelea kuwafokea hata akishazikwa kwao Usangi. Wakubwa wa mkoa hawakuona utani; waliona hospitali kumi na moja zisizo na Nakijwa wao, na sasa kila moja ingepata wake.

*

"Tuingie," Nakijwa alimwambia Atupele. "Fungua nyumba ya mzee Mwaisaka kama tulivyoiacha."

Nyumba ikainuka. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji, choo chenye mshikio ukutani, bafu lenye mkeka wa mpira, maji ya bomba hatua kumi na nne kutoka jikoni. Dawa ya kisukari kwenye mtungi wa ubaridi. Droni ya kila Jumanne yenye bandeji. Katikati ya sebule mzee wa mwanga alikuwa amekaa kitini na mguu juu ya kigoda, na mbele yake amepiga magoti Lusekelo, mke wa mwanawe, anafunga kidonda. Alifunga vizuri, kuanzia vidoleni kwenda juu, kama alivyofundishwa hospitalini kwa siku tatu kwenye mguu wa sponji.

Nakijwa alilizunguka umbo lile. Akainama, akatazama mikono. Akaenda chooni, akarudi. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Atupele alikuwa amesimama karibu na mlango, msichana mrefu wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa milima hiyohiyo aliyotoka mzee. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Umeona kitu?" Nakijwa aliuliza.

"Hapana, Sista. Hakuna weupe."

"Sijauliza weupe. Nimeuliza umeona kitu."

Atupele akainua macho, akayatuma haraka usoni mwa Nakijwa, kisha kule Nakijwa alikokuwa anatazama, yaani chooni. "Wewe unaona nini, Sista?"

Swali lile lilimkaa Nakijwa mwilini kutwa nzima. Mchana alijifungia na kibao, akafungua nyumba ishirini za mwaka ule, kazi ya wauguzi watano tofauti. Alitaka kuona wanatofautianaje. Hawakutofautiana. Wote walianza na choo. Baada ya choo, maji. Baada ya maji, ngazi. Kisha dawa, kisha nani anapika. Nyumba za bondeni na za mlimani, za matajiri na za wajane, zote ziliulizwa kwa mpangilio mmoja, na ilimchukua muda kutambua mpangilio ule aliujulia wapi. Ilikuwa nyumba ya mama yake, Usangi. Mama alianguka chooni, akavunjika nyonga, akalala miezi minne akisubiri maji ya kuletewa. Orodha ya Nakijwa ilitoka pale. Wilaya nzima ilikuwa inarudishwa nyumbani kwa mama yake.

Nyani haoni kundule, alijiambia, na hakucheka.

*

Kesho yake alimwita Lusekelo. Alitaka aingie Kwao, aonyeshe mwenyewe jinsi alivyokuwa anafunga kile kidonda, labda kuna kosa la mkono. Lusekelo alikuja na kapu la ndizi mbivu za kugawa wodini, mwanamke mnene mchangamfu, akawasalimu wauguzi wote kwa majina. Atupele alikuwa nyuma yake na alitaka kusema jambo; Nakijwa alimwona akifungua mdomo na kuufumba.

Mlango ukafunguliwa. Mle ndani mzee wa mwanga alikuwa kitini mwake.

Lusekelo hakupiga kelele. Alivuta kanga kichwani mpaka usoni, akageuka, akachutama nyuma ya mlango akiwa ameutazama ukuta, na kapu likamponyoka, ndizi zikatawanyika sakafuni. Yote hayo aliyafanya kwa muda wa kupepesa jicho, kwa mazoea ya mwili.

"Mtoeni," alisema kwa sauti ndogo. "Tafadhali, mtoeni kwanza."

"Ni mwanga tu, mama," alisema Nakijwa. "Hayupo. Yuko wodini, amelala."

Lakini Atupele alikwisha kuuzima. Alichutama kando ya Lusekelo, akamwambia maneno kwa Kinyakyusa, mwanamke akaitikia "ndaga, ndaga," akishukuru, akashusha kanga taratibu. Nakijwa alibaki amesimama katikati ya chumba kitupu.

"Nielezeni," alisema. "Kuuliza si ujinga."

Lusekelo ndiye aliyeeleza, akiwa anaokota ndizi zake. Baba mkwe haonwi. Mke wa mwana hakai naye chumba kimoja, hampiti mbele, hamtazami, sembuse kumshika mguu. Kutila, wanaita, ni heshima, na ukiivunja si wewe tu unayeaibika. Siku hizi wamelegeza. "Kwa simu tunaongea vizuri kabisa," alisema. "Ananitania hata, kwamba ugali wangu unaweza kujengea ukuta. Lakini kumwona, hapana."

"Lakini ulifundishwa siku tatu hapa. Tulikuuliza kama utamfunga baba kidonda, ukasema ndiyo."

"Mliniuliza kama nitamtunza baba, tena mbele ya watu. Ningejibu hapana?" Akaifuta ndizi kwa kanga. "Nimemtunza. Kila asubuhi niliweka beseni na bandeji mlangoni mwa chumba chake, nikakohoa, nikaenda zangu. Nilidhani ataweza mwenyewe. Hawezi kujikunja, na macho yake nayo. Mume wangu yuko kwenye mitambo ya jotoardhi, anarudi mwisho wa mwezi. Ningemwambia nani?"

Lusekelo alipoondoka, Nakijwa alikaa sakafuni, jambo ambalo hakuna muuguzi aliyewahi kumwona akilifanya.

"Ulijua," alimwambia Atupele.

"Nimezaliwa nikijua, Sista. Mama yangu hajawahi kumwona babu uso kwa uso."

"Ulisimama hapa, ukamwona mwanamke wa watu amepiga magoti mbele ya baba mkwe wake, na hukusema."

"Hapakuwa na weupe."

"Atupele."

Msichana naye akakaa chini, hatua mbili mbali. Alianza kusema bila kumtazama. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nauliza ya kwangu. Palikuwa na bibi mmoja kitanda cha pili. Niliuliza kama mkwe wake wa kiume anaishi ua uleule. Ukaniambia, 'Atupele, hapa tunapanga ruhusa, hatupangi harusi.' Wodi nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka."

"Sikumbuki."

"Najua hukumbuki. Hukuwa na ubaya. Nikaona kumbe kuna maswali ya kazi na maswali ya nyumbani. Ya nyumbani nikayaacha nyumbani. Nikajifunza unapotazama, nikawa natazama hapohapo. Sasa nikiingia humu, Sista, sioni nyumba. Naona pale utakaposimama."

Nakijwa aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Alikuwa amewafundisha kuona, na walichojifunza ni kumtazama yeye.

*

Daktari Kalokola wa mkoani, msimamizi wa mradi wa Sauti, alifurahi kusikia habari ile. "Hilo dogo," alisema simuni. "Tunaongeza swali. Mgonjwa ni mwanamume, mtunzaji ni mke wa mwanawe: Sauti inauliza. Litakuwa swali la mia mbili na kumi na tatu. Nisomee tu, turekodi."

"Na la mia mbili na kumi na nne?"

"Lipi hilo?"

"Ndiyo nauliza. Silijui. Wao wanalijua, na hawatalisema, kwa sababu watakuwa wanasubiri niliulize mimi."

Kalokola hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hospitali kumi na moja. "Nakijwa, sita katika mia. Unataka kuwaambia wale kumi na tatu tuliowapunguza warudi wodini ili wauguzi wako wajisikie huru?"

Nakijwa alikata simu. Alizunguka wodi. Mzee Mwaisaka alikuwa macho, mguu umefungwa vizuri, anamsimulia jirani yake namna ya kuchagua mbegu za maharage. Kidonda kilikuwa kimeanza kukubali. Kingo zake zilikuwa nyekundu, nyekundu ya uhai. Siku tisa zilibaki.

Njia salama aliijua. Angeuandaa mpango mwenyewe, sasa anayajua ya kutila, na Sauti ingekagua yaliyobaki. Mguu ni wa mzee, si daftari la Atupele la kujifunzia. Alilirudia hilo mara kadhaa kwa sababu lilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba hata ule mpango wa kwanza ulikuwa na usalama huohuo: jicho lake na Sauti yake. Alikuwa amejiamini kabisa, na mtu akakaa siku tisa akioza kwa adabu. Ni nini kingine kilichokuwa katika nyumba ile ambacho yeye, Mpare wa Usangi, hangekijua hata akiulizwa kwa fimbo? Na nani angemwambia?

Alitaka sana kujua. Akiwa mkweli, hilo ndilo lililoamua.

"Mpango wa mzee ni wako," alimwambia Atupele. "Orodha yangu iache mezani. Mimi siingii mpaka uniite."

Atupele alimtazama kama aliyepewa mtoto mchanga ashike huku amelowa mikono. "Sijawahi kufanya peke yangu, Sista."

"Ndiyo maana naogopa. Nenda."

*

Alisubiri nje, kwenye kioo kidogo cha mlango wa wodi. Atupele alikaa na mzee saa nzima, kibao kikiwa magotini, na walionekana wanazungumza zaidi kuliko kuulizana. Mara mbili mzee alicheka. Kisha Atupele alishuka, akaingia Kwao peke yake, na Nakijwa akamfuata mpaka mlangoni, akachungulia kilichoota mle. Weupe. Choo hakipo. Bafu halipo. Ngazi hazipo. Palikuwa na kizingiti cha mlango, kigoda, kipande cha ua chenye migomba, na watu. Watu wengi, wanakwenda na kurudi. Vingine vyote vilikuwa vyeupe kama karatasi.

Mkono wake ulishika kitasa, ukakiachia, ukakishika tena.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. "Sista, naomba koti lako la mvua. Naenda kwao."

"Si ndiyo umetoka humo?"

"Kwao kwenyewe. Kuna kitu mzee anakizungukazunguka, nadhani hata yeye hajui kukisema. Nataka nikakae pale."

Nakijwa alifungua mdomo kukataa, akagundua hana sababu. Hakuna kanuni iliyomzuia muuguzi kwenda nyumbani kwa mgonjwa. Ni kwamba tangu chumba kijengwe hakuna aliyeona haja. "Twende wote," alisema, na alisikia tamaa katika sauti yake mwenyewe.

Atupele akainamisha kichwa. "Nisamehe, Sista. Ukija, nitakuwa naangalia unachoangalia wewe."

Nakijwa alilitungua koti kwenye msumari, akampa. Kutwa hakufanya kazi ya maana. Alikuwa mtu wa kuuliza, na jambo moja alilotaka kulijua lilikuwa linatokea mlima wa pili, bila yeye.

*

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili Atupele alimwita. Nyumba ilikuwa imebadilika. Kizingiti kilikuwa katikati yake sasa, na mzee wa mwanga amekaa juu yake, mguu kwenye kigoda, uso juani.

"Nilikaa pale kizingitini, mahali pa mzee, toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, Lusekelo akinisimulia," alisema Atupele. Alisema haraka, na mikono yake ilikuwa inaonyesha. "Nyumba ina mlango mmoja. Uliuona, Sista, wote tuliuona. Lakini mzee anakaa mlangoni. Macho yake mabaya, ndani giza, basi akijidunga dawa saa moja asubuhi anatoka kukaa kwenye mwanga, na pale haondoki. Lusekelo akiwa ndani, amefungiwa ndani. Akiwa nje, amefungiwa nje, na jiko liko ndani. Hawezi kumpita. Anangoja mzee ainuke aende chooni ndipo apite. Siku nyingine mzee haendi mpaka mchana."

"Anajidunga saa moja," Nakijwa alisema polepole, "na anakula saa sita."

"Saa saba siku nyingine. Sukari ilikuwa inamshuka. Ndiyo maana alikuwa anasinzia, akiamka anatetemeka, na mikono ikitetemeka bandeji haifungiki. Mzee mwenyewe amekiri anajua anamzuia. Alidhani akihama mlangoni ataonekana analalamika kuhusu mkwe wake."

Nakijwa aliipitia orodha yake kichwani. Maswali mia mbili na kumi na mawili aliyokuwa nayo hayakuwa na hata moja linalouliza mzee anakaa wapi jua likitoka.

Mpango wa Atupele ulikuwa mfupi. Dada yake mzee, shangazi Gwantwa, angehamia kwa miezi miwili kufunga kidonda; alikuwa anaunganisha miche ya parachichi kwa kazi, na Atupele alikwisha kumjaribu kwa bandeji, vidole vyake havikosei. Lusekelo angepika na kuchemsha maji, kama alivyotaka siku zote. Na fundi alikuwa ameanza kutoboa mlango wa pili upande wa jikoni.

"Fundi nani kamleta?"

"Mume wake Lusekelo, kwa simu. Nilimwambia ni dawa."

Nakijwa alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akageuka, akaona kona ya nyuma. Weupe. Kipande kikubwa, pale penye bafu, pale hasa alipoanguka mama yake katika nyumba nyingine, na kicheko kikamkauka.

Chumba kikakohoa.

"Bafuni hapajaulizwa," Sauti ilisema. "Mpango haujakamilika."

"Najua," alisema Atupele.

"Bafuni hapajaulizwa. Mpango haujakamilika."

Atupele alimtazama Nakijwa, si juu kwenye spika bali usoni, na jicho lake likaanza kufanya lile Nakijwa alilolijua sasa: kutafuta pa kutazama. Mkono ulikwisha kuelekea kwenye kibao. Kuna mtu atakayeanguka, Nakijwa aliwaza. Nikinyamaza, huenda ni mzee. Nikisema, huyu msichana anarudi nyuma yangu na hatoki tena. Alihisi swali lake la zamani limejaa kinywani, tayari, pamoja na kikohozi chake.

Hakukohoa.

"Mzee anaoga wapi?" aliuliza. Lilitoka dhaifu, kwa sababu kweli hakuwa anajua.

Mkono wa Atupele ukasimama. "Haogi ndani, Sista. Bafu lile tuliloambiwa lipo ni stoo ya mbolea. Anaogea nyuma ya migomba, kuna jiwe bapa, amelikalia miaka thelathini. Nilikwenda nikalikalia. Mguu ukiunyoosha unafika kwenye gogo, haulowi. Nimelisugua ukoga kwa brashi."

Jiwe. Bila mshikio, bila mkeka wa mpira, uani. Kila kiungo cha Nakijwa kilikataa. "Na mvua ikinyesha?"

Alitegemea msichana afadhaike. Badala yake Atupele alikunja uso, akafikiri. "Hilo sikuliuliza. Ngoja." Akatoka, na viatu vyake vikasikika vikipanda ngazi kwenda wodini. Nakijwa alibaki na weupe wake. Viatu vikarudi.

"Anasema mvua ikinyesha haogi. Anauliza kwani wewe huwa unaogea kwenye mvua?"

"Bafuni hapajaulizwa," ilisema Sauti. "Mpango haujakamilika."

Palikuwa na njia moja ya kuipita. Kwenye kibao, chini kabisa, kulikuwa na sehemu ambayo haikuwahi kuguswa: msimamizi anaukubali mpango kama ulivyo, na mgonjwa akirudi, atakayeitwa mbele ya baraza ni yeye, si muuguzi. Nakijwa aliandika jina lake. Atupele aliona anachokifanya, akasogea karibu.

"Sista, akirudi watakuita wewe. Mpango ni wangu."

"Akirudi, waniite. Asiporudi, ni wewe uliyefanya. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo."

Juu wodini mzee alisikika akiuliza kiatu chake cha pili kimewekwa wapi. Lusekelo alikwisha kutangulia nje, mbali kidogo na geti, amegeukia barabara.

Sauti ikakohoa, kikohozi kilekile kidogo. "Nakijwa," ilimwambia, kwa namna ya mtu aliye na jibu mfukoni, "una hakika?"

"Sina," alisema Nakijwa, akabonyeza kukubali.